Bondeni Ruvuma tulizuiwa kwa sababu za usalama. Bungeni nani ameuliza habari za mashamba yetu?

MamaMpunga (Mtwara Vijijini)

Habari zenu wanajamvi. Naandika kutoka huku mpakani. Ukishuka mteremko wa kijiji chetu unaliona bonde lote la Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji. Nina swali, na anayejua shughuli za Bunge naomba anieleweshe taratibu, maana limenikaa moyoni miaka.

Oktoba 14, 2020 kijiji cha Kitaya, hapa mpakani, kilivamiwa. Hilo si siri, mkuu wa polisi wa wakati ule, IGP Sirro, mwenyewe alitangaza kuwa wavamizi walikuwa kama 300 na walitokea upande wa Cabo Delgado, huko Msumbiji. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa. Ndugu zetu wawili walifika kwangu asubuhi na nguo za kulalia, mmoja kabeba redio na kuku mmoja, basi. Hakuwa na maneno, aliketi tu na yule kuku mapajani mpaka jua likapanda.

Baada ya hapo tukaambiwa bondeni hakushukwi. Mimi nilikuwa na ekari mbili na nusu za mpunga alizoniachia marehemu baba. Kulikuwa na dungu la kuamia ndege nililolijenga kwa mikono yangu, na ndani yake niliacha jembe, sufuria, mkeka na mbegu madebe matatu. Sikurudi kuvichukua, na wakati ule nilikubali kwa moyo mweupe. Vijana wa jeshi walilala kwenye mvua kwa ajili yetu. Tuliwachemshia mihogo, wakala, wakatushukuru. Asitokee mtu wa kunisoma vibaya hapo.

Maumivu yalianza nilipouliza sasa itakuwaje. Msimu wa kwanza hatukulima. Wa pili vilevile kwa upande wetu. Nikaenda ofisi moja na daftari langu, nimeandika magunia ya kila mwaka tangu 2014. Mtumishi hakulifungua. Aliniambia, "Mama, hayo ni mambo ya usalama." Ofisi ya pili, jibu lilelile. Nikasimama kwenye mkutano wa kijiji, jirani akanivuta kitenge niketi chini.

Swali langu ndilo hili. Wakati Kitaya inavamiwa, Bunge la 11 lilikuwa limeshamaliza muda wake. Uchaguzi ukafanyika Oktoba 28, wiki mbili tu baadaye, na Bunge jipya likaanza Novemba. Jambo zito likitokea hakuna Bunge, likirudi nani analishika? Mbunge anaruhusiwa kuuliza habari za mashamba yaliyofungwa, au naye anajibiwa kama mimi? Na akiuliza, mimi nitayasoma wapi majibu?

Sitaki kujua askari wako wangapi wala wamekaa wapi. Nataka kujua ekari zangu zimeandikwa kwenye karatasi ya nani.

Karani_Mstaafu

Mama, pole sana. Nimeshika makaratasi ya vikao maisha yangu yote, ngoja nikueleze ninachokijua.

Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali, na inasema wazi kuwa Bunge linaweza kumwuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Ibara ya 100 inamlinda mbunge asishitakiwe kwa aliyoyasema ukumbini. Kwa hiyo kuuliza anaweza.

Yale ya ndani kabisa yanakwenda Kamati ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama, na huko milango hufungwa. Lakini fedha husomwa hadharani kila mwaka kwenye Bunge la bajeti: fungu 38 la Ngome, yaani jeshi, fungu 39 la JKT, fungu 28 la Polisi. Kama fungu la Ngome linasomwa kwenye kipaza sauti, ekari mbili na nusu za mpunga haziwezi kuwa siri ya nchi.

Nadhani ulibisha hodi mlango usio wako. Ukitaja jeshi, kila mtumishi anaogopa. Hilo lako ni la maafa, na maafa yako Ofisi ya Waziri Mkuu, kuna idara kamili ya menejimenti ya maafa. Mbunge wako aulize huko. Majibu utayasoma kwenye Hansard, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa bungeni, kwenye tovuti ya Bunge, wamezipanga kwa tarehe.

Pia andika barua kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Taasisi ina siku 30 za kukujibu. Sheria hiyo inaruhusu taarifa za ulinzi kuzuiwa, ndiyo maana nakusisitiza uombe orodha ya waathirika tu.

Mtama_Kwetu

Huku kwetu kusini neno usalama lina historia. Mei 22, 2013 waziri Muhongo anasoma bajeti ya nishati Dodoma, sisi Mtwara tuko kwenye redio tunasubiri tusikie gesi itakuwaje. Kabla ya jioni ghasia zimezuka, mji unafuka moshi, jeshi likaletwa. Tangu siku ile ukiuliza hata habari ya kisima watu wanakutazama mara mbili. Uliza tu mama, usiache.

Mzee_wa_Ndanda

Binti yangu, mimi nimevaa magwanda. Sikatai haki yako. Lakini mbunge akisimama akataja vijiji na mashamba yasiyolimwa, amemwonyesha adui mahali pasipo na macho ya watu. Adui naye anasikiliza redio. Tahadhari hiyo usiidharau.

MamaMpunga

Shikamoo mzee. Hilo sikulifikiria, na nakubali. Majina ya vijiji yaende kamatini kwenye bahasha, milango ifungwe, sina neno. Ila orodha iwepo. Nilichokiona mimi ni kwamba haipo hata kwenye bahasha.

Na kingine, mzee wangu. Novemba 2018 jeshi hilihili lilikuja kubeba korosho zetu. Bei ilitangazwa nchi nzima, shilingi 3,300 kwa kilo, na kilo zangu ziliandikwa. Magari ya jeshi yalikuwepo na hesabu ilikuwepo. Kwa nini kwenye mpunga hesabu ishindikane?

Karani, Mungu akubariki. Sikujua kabisa kuwa ni mlango wa maafa. Jana jioni nimezunguka na daftari, tumefika watu kumi na saba: jina, ekari, misimu iliyopotea, na sahihi au dole gumba. Bibi mmoja ameniambia niandike na michikichi yake miwili, nimeiandika. Alhamisi napeleka ofisi ya mbunge, na nitadai mhuri kwenye nakala yangu. Swali tumeliandika hivi, lisome: "Je, Serikali ina orodha ya wakulima waliozuiwa kulima bondeni baada ya tukio la Oktoba 2020, na ina mpango gani wa kuwafidia?"

Karani_Mstaafu

Limekaa vizuri. Ila ligawe mawili, (a) na (b), waziri asijibu la pili akaliruka la kwanza.