Hatari namba 3 kwenye maporomoko ya theluji ni ya kawaida? Mdogo wangu yuko Austria

DadaTabata:
Habari za usiku wakuu, naombeni msaada kwa anayejua mambo ya theluji, maana mimi nimezaliwa na kukulia hapa hapa Dar, theluji nimeiona juu ya Kibo tu nikiwa kwenye basi naenda Moshi. Mdogo wangu anasoma Innsbruck, Jumamosi wenzake wanaenda mlimani kuteleza na skii, sio kwenye zile njia za kulipia zenye wasimamizi, ni porini kabisa wanapanda wenyewe ndo wanashuka. Nimemuuliza vipi maporomoko, kanitumia taarifa ya hali ya mlima imeandikwa 3 kati ya 5, eti dada hiyo ni katikati tu usiwaze. Tangu jana usingizi sina.

Mkwezi_wa_zamani:
Dada pole. Nimeishi Tirol, jimbo lenye huo mji wa Innsbruck, miaka minne, mwambie dogo 3 sio katikati. Ile namba haipandi kama rula, inapanda kwa kuruka, na wengi wanaofariki wanafariki siku za 3, kwa sababu ikifika 4 au 5 watu wanabaki nyumbani, ila 3 jua linawaka theluji mpya imelala vizuri kila mtu anatamani kutoka. Kwenye mteremko mkali siku hiyo uzito wa mtu mmoja tu unatosha kuiachia theluji ishuke. Na ajali nyingi za vifo, kama 9 kati ya 10, aliyeiachia ni mhanga mwenyewe au mwenzake, sio kwamba mlima umeamua kumwangukia.

Inavyotokea ni hivi, chukua ubao mwaga sukari juu yake kisha weka ubao mwingine juu ya sukari, halafu inua upande mmoja. Theluji ya zamani chini inageuka chembe chembe zisizoshikana kama sukari, juu upepo umerundika theluji ngumu, mtu akikanyaga ile sukari inavunjika na ubao wote unateleza naye. Miteremko ya nyuzi 30 hadi 45 ndo mibaya zaidi.

Siku moja tulikuwa wanne, nimekanyaga sehemu karibu tambarare nikasikia chini VUUMM, theluji ikashuka kidogo kama godoro ukikalia. Aliyekuwa mbele yetu akageuka, hakusema kitu, akaanza kurudi kwenye alama zetu zile zile na sisi nyuma yake. Dogo akisikia hiyo sauti arudi hapo hapo.

kijana_wa_ubungo:
Asiende, basi. Mliona Katesh Desemba 2023 tope lilivyoshuka toka Hanang, kitu kikishaanza kushuka mlimani hukimbizani nacho.

DadaTabata:
Asante sana kaka. Na wakifukiwa si kuna helikopta?

Mkwezi_wa_zamani:
Ipo na wale jamaa ni hodari kweli ila muda hautoshi. Ukifukuliwa ndani ya dakika 10 hadi 15 una nafasi kubwa ya kupona, ikifika nusu saa wengi wameshakosa hewa, kwahiyo anayekuokoa ni uliyeenda naye. Kila mtu lazima avae kile kifaa cha kurusha mawimbi ili wenzake wajue alipofukiwa, awe na fimbo ndefu ya kudunga ndani ya theluji kumtafuta mtu na koleo la kumfukulia, na awe amefanya mazoezi ya kuvitumia. Muulize wako wangapi na vifaa vingapi.

DadaTabata:
Nimempigia sasa hivi. Wako watano, vifaa wanavyo wawili. Nimeishiwa nguvu jamani, nikamsomea ulichoandika chote neno kwa neno, akanyamaza muda mrefu halafu akasema dada kumbe hata sijawahi kukishika hicho kifaa. Amekubali kuwaambia wenzake wabaki kwenye njia zenye wasimamizi mpaka wote wapate vifaa na mafunzo. Ijumaa taarifa mpya ikitoka saa 11 jioni ya kwao atanitumia, huku itakuwa saa 1 usiku, nitaiweka hapa kaka unisomee.

Mkwezi_wa_zamani:
Iweke, nitakuwepo.