Ushauri wakuu: S1 yangu na ya mwenzangu zinapishana pointi 10, ipi ya kufuata?

Chati_Mbagala
Wakuu, habari za jioni. Natredi fyucha (mikataba ya kununua au kuuza kwa tarehe ya mbele) za S&P 500, indeksi ya hisa za Marekani, ile mikataba midogo (MES, dola 5 kwa pointi), bado kwenye akaunti ya majaribio. Natumia pivoti za siku, yaani mistari ya kukisia bei itageukia wapi: bei ya juu, ya chini na ya kufungia za jana, najumlisha nagawa kwa tatu. Jana juu 5,440, chini 5,395, imefunga 5,425 (namba nimezizungusha kidogo ili hesabu isiwachoshe). Pivoti ikaja 5,420, S1 (mstari wa kwanza chini yake, wa kuizuia bei isishuke) 5,400, R1 (wa kwanza juu yake) 5,445.

Jamaa yangu wa Arusha anatredi mkataba uleule kwa fomula ileile, ila S1 yake ni 5,390. Tumebishana kwenye simu mpaka salio likakata. Leo bei imegusa 5,400, ikadunda kidogo, ikashuka tena mpaka 5,391, ndipo ikapanda kwelikweli. Kila mtu anasema yeye ndiye alikuwa sahihi.

Nani kakosea? Na bei ikigusa S1, nanunua palepale au nasubiri kitu gani?

Bingwa_wa_Lawama
Kalime vitunguu mkuu. Hiyo ni ramli yenye kikokotoo.

Saa_Kumi_na_Nusu
Hakuna aliyekosea. Muulize jamaa yako bei ya chini kaandika ngapi. Nabashiri 5,380. Ukiiweka hiyo, pivoti inakuwa 5,415, S1 5,390 na R1 5,450.

Fyucha hizi Chicago zinatembea karibu saa 23 kwa siku. Wewe umehesabu kikao cha mchana tu, soko la hisa la New York likiwa wazi. Yeye kaunganisha na usiku. Fomula yenyewe ni ya madalali waliokuwa wakipigiana kelele ukumbini Chicago, fyucha za S&P zilipoanza 1982 na hata kabla yake kwenye bidhaa nyingine. Ilipendwa kwa sababu mtu aliweza kuipiga kwa kalamu kabla ya kengele. Siku zao kikao cha mchana ndicho kilikuwa soko. Leo "jana" ina tafsiri mbili.

Mimi nafuata mchana. Usiku wa Chicago miamala ni michache, na oda moja nene inaweza kuchora bei ya chini ambayo hakuna aliyeipigania. Lakini sitaki kuutupa usiku wote, maana takwimu za mfumuko wa bei za Marekani hutoka saa nzima kabla hisa hazijafunguliwa, na hapo soko linatikisika kwa volumu (wingi wa mikataba inayobadilishana mikono) ya kweli. Kwa hiyo juu na chini ya usiku nazichora kama mistari inayojitegemea, siziingizi kwenye fomula.

Angalieni pia bei ya kufungia. Chati nyingine inakupa muamala wa mwisho, nyingine bei rasmi ya hesabu ambayo soko huitangaza kila siku. Hizo mbili hazilingani kila mara.

Dada_wa_Nyali
Kaka hapo juu kasema vyema, ila saa kaziruka. Wamarekani husogeza saa zao, sisi hatusogezi. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, hisa hufunguliwa saa kumi na nusu jioni yetu na kufungwa saa tano usiku. Baada ya hapo ni saa kumi na moja na nusu hadi saa sita usiku. Ukiwa umeandika kikao kwenye chati kwa saa za Dar, ikifika Novemba unaingiza saa moja isiyokuwa yake na kuikosa saa ya mwisho, ambayo ndiyo yenye pilikapilika. Weka chati kwa saa ya Chicago, hangaiko limekwisha.

Treda_wa_Ngong
Boss, huyo wa Arusha yuko kwenye fyucha kweli? Hapa Nairobi watu wengi wanasema "fyucha" na wakifungua simu unaona US500 kwenye MT5, programu ya kutredi. Hiyo ni CFD, mkataba wa tofauti ya bei tu, unawekeana dau na broka. Mshumaa wa siku (alama ya bei ya siku kwenye chati) unafungwa kwa saa ya seva ya broka, kwa hivyo pivoti zake ni za broka huyo. Tena bei ya fyucha inabeba riba na gawio mpaka siku ya mkataba kuisha, kwa hivyo inaweza kupishana na indeksi yenyewe kwa makumi ya pointi. Mstari wa fyucha usiuhamishe kwa US500 vile ulivyo.

Hesabu_Kavu
Kabla ya mistari, soma hii. Watafiti wa Brazil walifuatilia watu walioanza kutredi kwa siku fyucha za indeksi ya kwao kati ya 2013 na 2015. Kati ya waliodumu zaidi ya siku 300, asilimia 97 walipoteza pesa, na asilimia 1.1 tu walipata zaidi ya kima cha chini cha mshahara. Wavumilivu hao! Kaa kwenye majaribio mpaka utoe kamisheni kwenye hesabu na bado ubaki na kitu.

Chati_Mbagala
Nimempigia, kweli aliandika 5,380. Na ni fyucha, si CFD. Hesabu_Kavu, nimekuelewa mkuu. Bado lile swali la kununua.

Saa_Kumi_na_Nusu
Kugusa si ishara. Tazama kwanza soko limefungukia wapi. Likifungukia karibu na pivoti na kushuka taratibu hadi S1, wanunuzi wana sababu ya kujitokeza. Likifungukia chini ya S1 na kuendelea kushuka, mistari yote itapitwa na anayenunua kila mstari anamalizika nayo.

Chukua mfano wako. Ukinunua 5,402 na stopu (oda ya kukutoa bei ikienda kinyume) 5,388, unahatarisha pointi 14, dola 70 kwa mkataba, kutafuta pivoti 5,420, pointi 18, dola 90. Si mtamu. Sasa ifanye S1 yako na ya jamaa kuwa eneo moja, 5,390 hadi 5,400. Bei imezama humo, mshumaa wa dakika tano umefunga ukipanda, unanunua 5,394 na stopu 5,386. Hatari pointi 8, dola 40. Lengo pivoti ya chini kati ya zenu mbili, 5,415: pointi 21, dola 105. Mlikuwa mnagombania mipaka ya eneo lilelile.

Siku ya tamko la riba la benki kuu yao, saa tatu usiku yetu kwa majira haya, mimi sina oda yoyote mezani.

Bingwa_wa_Lawama
Kwenye 5,391 ungenunua 5,394 wewe? Baada ya kuona chati kila mtu fundi.

Saa_Kumi_na_Nusu
Mara nyingine ningeikosa kabisa. Ndiyo maana yuko kwenye majaribio, aandike alizozikosa pia.

Dada_wa_Nyali
Chati_Mbagala, mkataba wako wa mwezi gani?

Chati_Mbagala
Septemba. Na chati nimeshaiweka saa ya Chicago, asante dada. Kuna shida?

Dada_wa_Nyali
Inakuja. Unaisha Ijumaa ya tatu ya Septemba, na watu huanza kuhamia wa Desemba kama wiki moja kabla. Bei za mikataba hiyo miwili hazilingani. Fuatilia volumu, siku Desemba ikiipita Septemba nawe hama, na pivoti za siku hiyo uzipige kwa bei za jana za Desemba. Na umwambie mapema yule wa Arusha, msije mkamaliza salio tena.