Ng'ombe wamemaliza visiki hai vyangu baada ya mavuno. Nianzie wapi kijijini?

Mama wa Visiki (Kongwa)

Mbukwenyi wadau. Naomba ushauri wenu, na nitaeleza kwa kirefu maana nikifupisha mtanijibu jambo lingine.

Nalima eka tatu kwenye mteremko hapa Kongwa, wilaya ileile ambayo Waingereza waliingiza matrekta mwaka 1947 kwa mpango wao wa karanga, wakashindwa na kuondoka. Bibi yangu alikuwa akisema udongo huu wakati wa kiangazi unarudisha jembe. Ni kweli mpaka leo. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na katikati yake, mara nyingi Februari, jua linakaa wiki mbili au tatu bila tone. Wiki hizo ndizo zinazoamua kama nyumba itakula mtama wake au itanunua.

Zamani nilikuwa naberega kama wenzangu: naparua juu juu, nachoma masalia, napanda. Mvua kubwa ya kwanza ilikuwa inateremka yote korongoni pamoja na udongo. Miaka minne iliyopita nikafundishwa kisiki hai, yaani kukuza miti upya kutoka visiki vilivyo tayari shambani. Sikupanda mti hata mmoja. Nilitafuta visiki vya migunga na mikwaju ambavyo kila mwaka tulikuwa tunavifyeka wakati wa kusafisha shamba. Kwenye kila kisiki nikachagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, mengine nikayaondoa, nikapogoa matawi ya chini, nikafunga kitambaa chekundu ili hata mtoto anayechunga ajue mti huu una mwenyewe. Jumla vilikuwa visiki 43. Mizizi ilikuwa tayari chini, kwa hiyo vilikimbia kuliko mche wowote niliowahi kugawiwa. Kufika mwaka wa tatu kulikuwa na migunga iliyonipita urefu.

Robo eka ya juu nikachimba mashimo ya Chololo, yale yaliyoanzia kijiji cha Chololo huku huku Dodoma. Sentimita 60 kati ya shimo na shimo, 90 kati ya mstari na mstari, mistari ikikata mteremko ili maji yasimame. Ukipiga hesabu, robo eka inabeba karibu mashimo 1,900, na tuliyachimba mimi na binti yangu kuanzia Septemba hadi mwishoni mwa Novemba. Samadi kopo moja kila shimo, majivu kidogo kwa ajili ya mchwa, kisha mtama wa mbegu ya Macia. Msimu uliopita jua la Februari lilikaa siku kumi na tisa. Mtama wa kwenye mashimo haukujikunja majani. Nilivuna debe tisa, na robo eka ya pembeni niliyoilima kwa mtindo wa zamani ilinipa debe nne.

Sasa shida yangu. Mwezi wa saba nilikwenda shamba alfajiri nikakuta ng'ombe kama sitini na mbuzi wasiohesabika. Mabua niliyoyaacha makusudi yafunike udongo yameliwa. Mashimo yamekanyagwa yakajaa. Visiki 31 kati ya 43 vimetafunwa mpaka kwenye mti mgumu, na vitambaa vyangu viko chini kwenye kinyesi. Niliviokota kimoja kimoja huku nalia.

Nikaenda kwa kiongozi wa kitongoji. Akanijibu: "Mama, shamba likishavunwa ni la wote, ndivyo tulivyokuta." Hapo ndipo ninapokwama, kwa sababu hakusema uongo. Hata mbuzi wangu saba wanakula mabua ya watu. Na samadi ninayoweka kwenye mashimo naipata bure kwenye maboma ya hao hao wenye ng'ombe. Siwezi kuwageuza maadui. Lakini pia siwezi kila baada ya miaka minne kuanza upya.

Nianzie wapi? Sheria ndogo? Kamati ya maliasili? Au nijizungushie miiba peke yangu? Walioona kijiji kizima kikikubaliana, naomba mnisaidie.

Bwana Shamba Mstaafu

Pole sana mama. Kwanza hivyo visiki 31 usivizike. Kilicholiwa ni cha juu, mzizi upo. Mvua zikianza vitachipua, utachagua upya, na vitakua haraka kama mwanzo.

Miiba isahau. Kuzungushia eka tatu utakata miti mingi kuliko unayoilinda.

Kuhusu sheria ndogo, kijiji kina mamlaka hayo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Namba 7 ya mwaka 1982. Halmashauri ya kijiji inaandaa rasimu, mkutano mkuu wa kijiji unaijadili, kisha inakwenda halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Hatua ya mwisho ndiyo inayorukwa. Watu wanapiga makofi mkutanoni, wanaanza kutoza faini wiki inayofuata, na mfugaji mmoja anayejua haki yake akilalamika kila kitu kinaanguka. Nilishuhudia kijiji kimoja kikirudisha hela za faini kwa sababu hiyo, na baada ya hapo hakuna aliyetaka tena kusikia habari ya sheria ndogo. Kwa hiyo muhtasari uandikwe vizuri, waliohudhuria wasaini, na mtendaji wa kijiji akupe nakala ya barua iliyokwenda wilayani.

Jingine: msinakili sheria ya kijiji jirani. Nimezisoma nyingi, zinafanana neno kwa neno, hata zinataja milima ambayo kijiji hakina. Andikeni tarehe zenu. Ng'ombe wasiingie mashamba tangu lini mpaka lini, mashamba yapi, na nani anapiga kengele. Usipotaja tarehe hakuna sheria hapo.

Mzee wa Haubi

Binti yangu, nimekusoma mpaka mwisho. Nami nitakueleza niliyoyaona kwetu Haubi, Kondoa, maana swali lako la kijiji kizima kukubaliana sisi hatukuulizwa.

Mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza mwaka 1973 kwa msaada wa Uswidi. Wakati huo makorongo ya kwetu yalikuwa ya kumeza nyumba. Mchanga ulishuka milimani ukafunika mashamba ya chini na kuingia ziwani. Walileta mitambo wakachonga makinga maji, wakapanda miti, na mifugo ikaendelea kupita juu yake. Mwaka 1979 ikaja amri: ng'ombe, mbuzi, kondoo, wote watoke. Eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Mimi na kaka yangu tuliswaga ng'ombe wa baba siku tatu kuwapeleka kwa ndugu wa tambarare. Baba hakututazama tulipoondoka, alibaki ndani.

Ukweli lazima niuseme wote. Ardhi ilipona. Ndani ya miaka michache majani yalirudi, vichaka vikarudi, makorongo yakaanza kuziba, na ule mchanga wa bondeni tukaugeuza kuwa mashamba ya viazi vitamu. Anayesema ng'ombe hawana mchango katika uharibifu aje Haubi. Lakini mama yetu alikaa miaka bila maziwa ya kumpa mjukuu. Samadi ikakosekana mashambani. Wengine walikuwa wakiingiza mbuzi usiku kwa kuiba, kwenye ardhi yao wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ndipo walipoleta ng'ombe wa maziwa wa kufugwa bandani, ukikata majani na kuwaletea, na wenye uwezo tu ndio walioanza.

Sikuambii uwaonee huruma wenye ng'ombe kuliko miti yako. Nakuambia tu kwamba ile amri iliponya udongo, na baba yangu alikufa bila kuisamehe. Wewe una nafasi ambayo sisi hatukuwa nayo: unaweza kwenda bomani kwao na kuuliza.

Mfugaji wa Bondeni

Dada, mimi ni mmoja wa hao wenye ng'ombe, ingawa si wa kijiji chako. Ninao arobaini na wawili. Nimeumia kusoma habari ya vitambaa, na nitakujibu kama mfugaji.

Kuanzia Julai mpaka mvua inyeshe, mabua ndiyo chakula. Hakuna kingine. Wazee wetu walikuwa na milaga, eneo linalofungwa wakati wa masika ili majani yasubiri kiangazi, na kila mtu aliheshimu. Hapa kwetu mlaga wa mwisho uligawiwa mashamba nikiwa mdogo. Ukitufungia mabua bila kutupa mlaga, umeniambia niuze ng'ombe, na sitakubali mkutanoni, hata kama nakuheshimu.

Ila kuna kitu hujakitaja na mimi ndicho nilichokitafuta tangu mstari wa kwanza. Maji yako wapi? Mchungaji mwenye akili hapeleki ng'ombe sitini kwenye mteremko kwa ajili ya mabua ya eka tatu. Mteremko unawachosha. Ng'ombe hupita kwenda kunywa, na wanakula njiani. Ungekuta kinyesi kimetawanyika shamba zima ningesema walikuja kulisha. Kama kimejipanga mstari kutoka kona moja hadi nyingine, shamba lako limekuwa njia. Nenda ukaangalie kabla hujaandika sheria yoyote.

Mabua nayo yana mazungumzo. Kwetu kuna mama mmoja anakata mabua nusu, anayapanga juu ya kichanja, anaacha nusu shambani. Mimi nachukua ya kichanjani kwa mkokoteni, yeye anapata samadi mikokoteni minne nikiileta mwenyewe mpaka kwenye mashimo. Ng'ombe hawaingii. Huu ni mwaka wa tatu na hatujagombana.

Mama wa Visiki (Kongwa)

Asanteni nyote, na shikamoo mzee wangu wa Haubi. Habari ya baba yako kubaki ndani nimemsomea mume wangu, akanyamaza muda mrefu.

Mfugaji, kaka yangu, nilikwenda jana. Kinyesi kimekauka lakini kinaonekana. Kimejipanga. Kinaingia kona ya juu mashariki na kutokea chini kwenye mkwaju mkubwa, na mashimo yaliyofukiwa ni ya mstari huo tu. Ya pembeni, karibu mia tano, yako wima na sikuwa nimeyaona kwa uchungu. Visiki vilivyopona vyote kumi na viwili viko nje ya njia hiyo.

Nikafuata juu. Njia ya zamani ya kwenda lambo ilikuwa inapita nyuma ya shamba letu, naijua tangu nilipoletwa hapa kama bibi harusi. Mwaka juzi imelimwa alizeti. Aliyeilima ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Ng'ombe walikosa pa kupita, wakageukia kwangu. Nilikuwa tayari kwenda mkutanoni kuwashitaki wafugaji wa kijiji kizima, na tatizo limeanzia kwenye ukoo wetu.

Nilizungumza pia na mwenye ng'ombe, yule mwenye kundi kubwa. Kabla sijamaliza salamu alisema, "Njia ikifunguliwa, sisi hatuna haja na mteremko wako." Kuhusu mabua ya kichanjani anataka aone kwanza mwaka mmoja. Nimekubali. Nitamkatia ya robo eka moja tu, naye ataleta samadi mikokoteni miwili Septemba.

Jumapili tunakaa na shemeji, mama mkwe akiwepo maana bila yeye hatasikia. Baada ya hapo ndipo niende kwa mtendaji ili njia iandikwe kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji, asije mwingine akailima. Bwana Shamba, nitakufuata kwa habari ya rasimu, na nitataja tarehe.

Swali moja limebaki, la kumpelekea shemeji Jumapili. Ng'ombe sitini wanahitaji njia ya upana gani? Nisimwombe nyingi akakataa, wala kidogo isitoshe.

Mfugaji wa Bondeni

Hatua thelathini za mtu mzima, dada. Chini ya hapo wa nyuma wanasukumana na wa pembeni wanaingia alizeti yake, naye atakuwa na haki ya kulalamika. Mwambie pande zote mbili mtapanda minyaa. Ng'ombe hawaili, mbuzi hawaigusi, na vipande vyake vinashika hata ukivichomeka tu ardhini. Vipande vikate Novemba, uviache kivulini siku kadhaa utomvu ukauke, kisha uvichomeke mvua za kwanza zikinyesha. Na watoto wasisogee wakati wa kukata, utomvu wake unachoma macho.