Simulink Real-Time mpya itakubali PC yetu ya zamani? Tunajaribu regulata ya turbini

Fundi_Ibanda (Bukavu)

Salamu bandugu. Niko na swali juu ya Simulink Real-Time, ile programu ya MATLAB inayozungusha model kwa muda halisi, sawa na saa ya kweli, na kama mutu anatumia Typhoon ao RT-LAB, zinazofanya kazi kama hiyo, naye aseme tu. Sisi tunatengeneza regulata ya turbini ndogo ya maji, ile inafungua na kufunga vane ili frekwensi ibaki ku 50, na tunaijaribu kwanza ku meza juu huko ku santrali hakuna mutu atakuacha uchezee mashini inayolisha mtaa muzima. Kwa hiyo turbini, bomba na alternateri viko ndani ya kompyuta, regulata peke yake ndiyo ya kweli, waya zinatoka zinaingia.

Tuko na MATLAB R2018b na PC moja ya zamani, tunaiwasha na USB inaingia moja kwa moja ku kerneli (kiini cha mfumo) ya Simulink Real-Time, inazunguka ku hatua ya milisekunde 1, yaani inahesabu model upya kila milisekunde 1, bila kulalamika. Sasa laisensi mpya inakuja na kijana mumoja wa timu anasema tupandishe yote, eti mpya iko na biti 64, grafu nzuri, na nini na nini. Ile PC itakubali? Na kama haikubali tunapata faida gani kuhama? Bomba letu ni mita 200, maji yanashuka mita 40, alternateri iko na poli 12.

katuba_volt (Lubumbashi)

Yaya, jibu fupi ni hapana. Zamani ulikuwa unaweza kuchukua PC ya kawaida ukaweka kadi za I/O (za kuingiza na kutoa sinyali) wanazozitambua, ukaiwasha na USB, njo vile xPC Target, jina la zamani la Simulink Real-Time, ilikuwa inafanya miaka yote, 2014 walibadilisha jina tu. Ku R2020b njo mambo yalibadilika kabisa: ile kerneli ya biti 32 ikaondoka, ikaingia QNX Neutrino, mfumo wa muda halisi wa biti 64, na tangu pale mashini inayokubalika ni za Speedgoat, kampuni ya Uswisi. PC yako haitaingia hata uibembeleze.

Na usifikiri utafungua model ya 2018 ubonyeze Build basi. Skripti zote zenye slrt unaandika upya na slrealtime, zile skopu za zamani unaziacha unatumia Simulation Data Inspector (ambayo ni nzuri kweli, kijana wenu hajadanganya), na kama kuna drayva ya kadi muliandika wenyewe kwa C itabidi ikompailiwe na kompaila ya QNX. Kazi hiyo si ya wikendi.

Kuna mulango mwengine, Simulink Desktop Real-Time. Hiyo inazunguka ku Windows ileile unayofanyia kazi, 1 kHz ukiwa ku modi ya kawaida na mpaka 20 kHz ukiwa na Simulink Coder. Wewe uko ku milisekunde 1 yaani 1 kHz, kwa hiyo unaingia. Angalia tu kama kadi yenu iko ku orodha yao.

himbi_kerneli (Goma)

Mi naona mumeanza na toleo kabla ya kuuliza kitu chenyewe kinaenda mbio gani. Tuchukue bomba lako Fundi. Maji yakienda tuseme mita 3 kwa sekunde, muda wa maji kuanza kutembea, ule tunaandika Tw, ni 200 mara 3 gawa kwa 9.81 mara 40, unapata karibu sekunde 1.5. Sekunde! Hata ukiweka model ya bomba linalotanuka, wimbi la presha ku chuma linaenda karibu mita 1000 kwa sekunde, kwenda na kurudi ni 0.4. Regulata yenyewe inasoma kila milisekunde 10 nadhani. Sasa hatua ya milisekunde 1 kwa hiyo kazi ni nyingi tayari, QNX ya biti 64 haitakuonyesha kitu ambacho 2018 haikuonyeshi.

Kwangu mimi kitu kipya cha maana miaka hii hakiko hata ku MATLAB. Ni PREEMPT_RT, ile patch ya muda halisi ya Linux, watu walikuwa wanaibandika kwa mkono karibu miaka 20, imeingia ndani ya kerneli yenyewe ku toleo 6.12 mwezi wa 11 2024, kwa x86, ARM ya biti 64 na RISC-V. Debian 13 inakuja na hiyo 6.12, unaweka paketi ya linux-image-rt-amd64 ku ileile PC yako ya zamani (kama ni ya biti 64) basi. Model unaitoa ku OpenModelica, programu ya bure ya kutengeneza model, kama FMU (faili ya model ambayo programu nyingine inaweza kuizungusha) ao unaiandika kwa C, turbini na bomba na alternateri rahisi si mistari mingi.

Ila usiamini mpaka upime. Zungusha cyclictest, programu inayopima Linux inachelewa kiasi gani, usiku muzima huku umeipakia mashini kazi na stress-ng, kopia mafaili, piga ping, yote. Asubuhi usiangalie wastani, wastani unabembeleza, angalia ile namba ya Max. Ikikaa chini ya mikrosekunde 100 kwa hatua ya milisekunde 1 unalala vizuri. Ikiruka mara moja moja mpaka elfu na kitu basi ni BIOS inakuibia muda, SMI hizo, Linux haina uwezo juu yake. Laptop njo zinasumbua zaidi, PC ya mezani afadhali. Zima usingizi wa prosesa ku BIOS, tenga kori moja na isolcpus (agizo unaloipa kerneli ikiwaka).

Fundi_Ibanda

Aksanti sana wakubwa. Kumbe kadi yetu ndiyo itaamua. Lakini kuna jambo sikuandika, mwaka kesho wanataka tuongeze inveta ya sola ifanye kazi pamoja na ile turbini, na kontrola ya inveta nayo tuijaribu hivihivi. PWM, ile ya kuwasha na kuzima swichi haraka ili kupanga volti, ni ya 10 kHz. Ileile Linux itabeba?

katuba_volt

Ah, hapo umebadilisha muchezo kabisa. 10 kHz ni mikrosekunde 100 kwa zamu moja. Hata uwe na PC kali inazunguka ku mikrosekunde 50, unaangalia swichi mara mbili tu kwa zamu, yaani kontrola ikisema fungua asilimia 37 model inasikia 50 ao 0. Utaona mawimbi ya ajabu ku kuranti, utaanza kulaumu kontrola kumbe ni hatua. Ukishuka mpaka mikrosekunde 1 unapata vipande 100, na hapo prosesa ya kawaida imechoka, ni FPGA, chipu unayopanga saketi yake mwenyewe. Njo maana OPAL-RT (wenye RT-LAB), Typhoon na Speedgoat wote wanaweka FPGA ndani ya sanduku, bei yake usiniulize hapa.

Si kila umeme mkubwa unataka hivyo lakini. Mstari wa Inga–Kolwezi ni kV 500 za kuranti ya moja kwa moja, kilomita karibu 1700, tangu 1982, na kule ni tairista, swichi kubwa za umeme, zinazopigwa (kuwashwa) kwa mwendo wa 50 Hz. Mikrosekunde 50 pale ni digrii 0.9 ya wimbi, ukiongeza hesabu ya kurekebisha saa ya kupiga ndani ya hatua, inatosha kujaribu kontrola ya stesheni nzima. Inveta yako ndogo ya sola ni ngumu kuigiza kuliko ule mnyama.

mama_oscillo (Bukavu)

Fundi, Typhoon wanakuacha kupakua Control Center, programu yao, na kuzungusha model ku kompyuta bila sanduku. Si muda halisi na waya hazitoki, lakini kontrola ya inveta ukiiandika kwa C utaijaribu pale kwanza uone kama kichwa chake kiko sawa. Sanduku muombe la kuazima baadaye, ao mujaribu na inveta ya kweli ya volti ndogo ku meza, volti 48 na rezista, mimi napendelea hiyo kuliko deni.

Ila swali langu ni lengine: sinyali ya mwendo munaitoa aje? Regulata nyingi zinahesabu meno ya gurudumu, si volti.

Fundi_Ibanda

Kwa sasa tunatoa volti 0–10 ku kadi, regulata tumeichokonoa isome hiyo mama.

mama_oscillo

Basi bado hamujajaribu regulata, mumejaribu nusu yake. Sehemu ya kuhesabu meno njo inakufa ku santrali, kelele za waya, jino likikosekana. Poli 12 ku 50 Hz ni zamu 500 kwa dakika, gurudumu la meno 60 linakupa 500 Hz kamili. Chukua STM32, mikrokontrola ndogo, PC inaitumia mwendo, taima yake inatoa palsi. Usitoe palsi ku Linux yenyewe, zitatikisika na regulata itaona frekwensi inacheza. Kisha siku moja ruka jino kusudi uone inafanya nini.

himbi_kerneli

Kweli kabisa. Na kabla ya kutupa ile USB ya 2018, rekodi kwayo majaribio mawili: fungua vane ghafla kidogo, pawa lazima ishuke kwanza ndipo ipande (ku model rahisi ukifungua asilimia 1 inashuka 2 halafu inatulia juu kwa 1), na kukata mzigo wote, uone mwendo unapanda mpaka wapi na presha ku bomba inapanda aje vane ikifunga. Ile mpya, iwe Desktop ao Linux, ikileta mistari ileile unahama. Isipoleta, unabaki.

Fundi_Ibanda

Sawa. Kadi nimeangalia, iko ku orodha ya Desktop Real-Time, lakini kijana anataka Linux sasa, ameshaanza kupakua Debian kwa mega za simu yake. Tutazungusha zote mbili. STM32 kuna mutu anauza hapa Bukavu ao mpaka tuvuke Ruzizi?

mama_oscillo

Niko na mbili, pita Kadutu jumamosi. Na waya za palsi uje na zenye ngao.