"Svagatam" kwenye bango la harusi ya Kihindu: maana na tahajia

MchoraBango: Wakuu, naandaa bango la ukumbi kwa ajili ya harusi ya Kihindu. Kuna mabango yanayoandikwa "Svagatam" (yaani "Karibu") na mengine "Susvagatam". Lipi sahihi? Na je, ni salamu tu au lina nafasi katika ibada?

Irabu_Ndefu: Mkuu, limejengwa na *su* (vyema) na *aagata* (aliyefika). Katika Kisanskriti, *u* ikifuatwa na irabu tofauti hugeuka *v*, ndipo tunapata *svaagatam*. "Susvagatam" ina *su* mbili. Imezoeleka sana India, ila wapo wanaoipinga kwa kuwa *su* imeshatajwa. Andika स्वागतम्.

Angalia sehemu mbili hapo. Ule mstari wa wima baada ya व ndio *aa* ndefu. Ukiuacha unapata स्वगतम्, neno ambalo katika tamthilia za Kisanskriti humwelekeza mwigizaji aseme peke yake, wenzake jukwaani wasisikie! Na kile kimkwaju chini ya म kisisahaulike, la sivyo neno halitaishia kwenye *m*.

Baraza85: Katika ibada lina nafasi kamili. Puja (ibada ya Kihindu) kubwa ina huduma 16 kwa mungu anayepokewa kama mgeni, na baadhi ya orodha huweka *svagata* mara tu baada ya kumpa kiti. Usiichanganye na *avahana*: hiyo ni kumwita, wakati *svagata* ni kumpokea aliyekwisha fika. Hufuata maji ya miguu, ya mikono, ya kusukutua, kisha *madhuparka*, ambayo bwana harusi naye hupewa.

Madhuparka ni mtindi, asali na samli. Kwa bakuli dogo: mtindi vijiko 3 vya chai, asali 1, samli nusu. Asali na samli zisilingane uzito, kwani Ayurveda (tiba ya jadi ya India) huuhesabu mchanganyiko huo kuwa na madhara. Mtindi usitoke kwenye friji moja kwa moja, samli itaganda mabonge.

MlangoWazi: Nyongeza kwa MchoraBango: waulize wenye harusi lugha yao. Kama ni Wagujarati, ambao ni wengi Dar na Nairobi, huenda wakapenda zaidi "Bhale padharya", tena kwa hati ya Kigujarati, ambayo haina ule mstari wa juu unaounganisha herufi za Devanagari, yaani hati ya स्वागतम् hapo juu. Fonti ya Devanagari haitafaa hapo.

Wakitaka pia "Atithi devo bhava", imo katika Taittiriya Upanishad, andiko takatifu la kale la Kihindu. Ni agizo la mwalimu kwa mwanafunzi anayehitimu: mgeni na awe mungu kwako. Hutanguliwa na mama, baba na mwalimu, kwa mpangilio huo.