Vikundi vya wanaume: nyumbani kunabadilika kitu, au tunajifunza kusema vizuri tu?

Animatere Mstaafu (Bagira)
Ndugu zangu wa Bukavu, naweka swali wazi, kila mtu achangie bila matusi. Kwa miaka mitatu nilikuwa animatere, yaani muongoza vikao, wa vikundi vya wanaume katika shirika moja, tukizunguka vijiji vya Walungu na Kabare. Kazi yenyewe mnaijua. Wanaume ishirini na kitu wanakaa ndani ya kanisa mara moja kwa wiki, tunazungumzia hasira, pesa za nyumba, kumpiga mke. Mwisho wa mzunguko tunarudia maswali ya siku ya kwanza. "Mke akiunguza chakula, mume ana haki ya kumpiga?" Siku ya kwanza mikono ilijaa hewani. Siku ya mwisho hakuna hata mmoja. Ripoti inaandikwa, inapanda ndege.

Sasa sikilizeni. Mke wa mwanakikundi wetu bora, yule tuliyekuwa tunampeleka kutoa ushuhuda mbele ya wafadhili, alinikuta soko la Kadutu. Nikamuuliza habari za nyumbani. Akanijibu: "Aksanti kwa kazi, Papa. Siku hizi anaosha vyombo. Wageni wakiwapo anaosha hata vile vilivyo safi. Kupiga? Hilo somo nadhani bado hamjalifikia."

Nilicheka pale pale. Usiku sikupata usingizi.

Baadaye nikasoma utafiti uliofanywa huku kwetu, vijijini Kivu ya Kaskazini na ya Kusini, uliochapishwa 2020. Maeneo 30, wanaume zaidi ya 1,300. Yaligawanywa kwa bahati nasibu: mengine yapate vikao 16 vya wiki kwa wiki, mengine yawe ya kulinganisha. Wanaume wa vikao hivyo walibadilika mdomoni, tena sana: walipunguza kusema kwamba mke anastahili kipigo, walipunguza nia ya kupiga, walisaidia zaidi kazi za nyumbani. Lakini wake zao walipoulizwa kama mwaka ule walipigwa au kulazimishwa, tofauti kati ya pande mbili haikuonekana. Yule mama wa Kadutu alikuwa amenipa matokeo hayo bure, karibu na meza ya nyanya.

Msimamo wangu: vikundi vya namna hii visimamishwe, pesa ipelekwe penye matunda. Nani anapinga?

Mama Sambaza (Nguba)
Mimi napinga, Papa. Unacheka vyombo kwa sababu hujawahi kuviosha kila siku. Mimi saa kumi alfajiri niko ufukweni kungoja sambaza, visamaki vyetu vya ziwani ninavyouza, nikirudi saa tatu maji hayajachotwa, watoto hawajanawa. Mwanaume akichota maji tu, nusu ya ugomvi wa siku ile haizaliwi. Huo utafiti wako haukusema kitu kuhusu maelewano ya nyumba?

Animatere Mstaafu
Ulisema, Mama, na ningepaswa kuliandika tangu mwanzo. Wanawake wenyewe walieleza kwamba uhusiano na waume zao ulikuwa mzuri zaidi. Ila kipigo ndicho kilichokuwa lengo.

Motari wa Nyawera
Mie niko motari, nabebaka batu na pikipiki. Bale banaume benye tunabebaka asubui kwenda ku semina, njo bale bale tunatoshaka mu nganda, ku pombe, mangaribi. Franga ya transport banapewa, njo banakunywa nayo. Muache kulipa, mutaona nani atabakia.

Animatere Mstaafu
Ndugu motari, kwetu hatukulipa. Ilikuwa fanta na kipande cha sabuni. Walikuja vilevile, kwa sababu jina likishaandikwa kwenye daftari la shirika mtu anatumaini msaada wa kesho. Na mwenye tumaini hilo hawezi kunijibu kwamba bado anapiga. Nimekuja kulielewa hilo nimeshaacha kazi: mtu aliyeshika daftari ndiye aliyekuwa anauliza maswali.

Muuguzi wa Panzi (nakaa mtaa wa Panzi, sisemi nafanya kazi wapi)
Tusichanganye mambo. Ushauri nasaha unafanya kazi, na ushahidi umetoka huku mashariki mwa Kongo, ukachapishwa 2013. Wanawake waliobakwa na kubaki na majeraha ya moyo waligawanywa kwa vijiji. Vijiji 7 vilipata tiba ya mazungumzo ya vikao 12, karibu vyote katika kikundi. Vijiji 8 vilipata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Walioongoza vikao hawakuwa madaktari, ni wasaidizi Wakongomani waliofunzwa. Miezi 6 baada ya tiba, waliokuwa bado na dalili za huzuni kali au wasiwasi walikuwa 9% kwenye vikao na 42% upande wa pili. Sasa mtu aje aniambie maneno hayabadilishi mtu.

Animatere Mstaafu
Sipingi hata nukta moja. Lakini yule mama anataka kupona. Amekuja mwenyewe, maumivu ndiyo yaliyomleta. Baba anayepiga haumwi popote. Ametulia, anakula, anaheshimiwa kanisani. Tangu Daktari Mukwege wa hospitali ya Panzi apewe Nobel 2018 kwa kuwatibu wanawake waliobakwa, mgeni akifika hapa kwanza anauliza wanawake wanatibiwaje. Ni sawa kabisa. Mwanaume tumempa nini zaidi ya mahubiri yenye chati ya ukutani?

Mwalimu wa Hesabu (Ibanda)
Neno "mahubiri" ndilo lenyewe. Kuna elimu inayomwambia mtu "uwe mwema," na kuna elimu inayompa habari asiyokuwa nayo. Magharibi mwa Kenya wasichana wa shule za msingi walifundishwa kwa njia mbili tofauti. Katika shule zingine walimu walipewa mafunzo ya kufundisha mtaala wa taifa wa UKIMWI, ule wa kusisitiza kujizuia. Mimba hazikupungua. Katika zingine wasichana walipata kipindi kimoja tu cha dakika 40, wakaonyeshwa kwa takwimu kwamba wanaume wakubwa kiumri wana maambukizi mengi kuliko vijana wa rika lao. Mimba zilipungua kwa 28%. Dakika 40! Hakuna aliyewakemea. Walipewa hesabu, wakaamua.

Kwa hiyo swali langu kwa Papa: katika vikao vyenu kulikuwa na habari gani ambayo baba wa Walungu hakuwa nayo? Kwamba kipigo kinauma?

Animatere Mstaafu
Hapo umenishika, Mwalimu. Picha ya mti wa matatizo, mizizi na matawi. Kila mwaka mti uleule.

Mama Sambaza
Hesabu ipo, walimu hamjaitafuta. Mume wangu aliniumiza mkono mwaka mmoja, wiki tatu sikubeba beseni. Wiki tatu bila sambaza, ada ya watoto ikawa deni. Yeye mwenyewe alihesabu deni lile kidole kwa kidole, na nadhani lilimfundisha kuliko padri.

Kijana wa Ruzizi
Mbona mnazunguka? Ng'ambo ya mto, Rwanda, walijaribu programu ya Indashyikirwa. Mume na mke walikaa darasa moja, miezi 5, wakajifunza pamoja kugawana pesa na kumaliza ugomvi. Miaka 2 baadaye wanawake waliopitia hapo waliripoti ukatili mdogo sana kuliko wa upande wa kulinganisha, na wanaume nao wakakiri kupungua.

Motari wa Nyawera
Rwanda tena? Asubui Rwanda, mangaribi Rwanda. Mutuache.

Kijana wa Ruzizi
Kaka, siasa iweke pembeni, mke anapigwa vilevile pande zote za mto. Na sifichi kilichoshindikana kwao. Wanandoa wale walitakiwa kueneza mabadiliko kwa majirani, na kijiji kwa jumla hakikubadilika. Waliobadilika ni waliokaa darasani.

Sikio la Redio (Kadutu)
Nami niongeze tahadhari. Tumezoea kuamini kwamba watu wakizungumza tu, mambo yatakuwa mazuri. Utafiti wa redio huku mashariki, wa 2010, ulionyesha kinyume. Sehemu zote zilisikia mchezo wa redio wa kuhimiza amani kati ya makabila. Sehemu zingine ziliongezewa kipindi cha kuwachochea wasikilizaji wajadiliane. Kweli walijadiliana zaidi, lakini wakatoka na uvumilivu mdogo zaidi, hata kumsaidia mtu wa kundi wasilolipenda kukawa kugumu. Weka wanaume ishirini wenye machungu chumba kimoja bila kiongozi mwenye uzoefu, watafundishana. Nimekaa kwenye kikundi ambako mzee mmoja alieleza namna ya kupiga bila kuacha alama, wengine wakaitika kwa kichwa. Animatere alikuwa nje anaongea na simu.

Muuguzi wa Panzi
Mungu wangu.

Animatere Mstaafu
Sikuwa mimi, lakini ningeweza kuwa. Basi nalegeza msimamo. Sisemi tena visimamishwe. Nasema mume na mke waitwe pamoja, kiongozi awe amefunzwa miezi na si siku tatu, na anayewauliza wanawake matokeo awe mwanamke kutoka nje ya shirika, bila daftari la misaada mkononi.

Mama Sambaza
Waitwe pamoja. Sawa, Papa. Nikiwa mbele ya watu nimesema yote yaliyo moyoni, kikao kinafungwa saa kumi, animatere anapanda gari kurudi mjini. Mimi napanda kilima na mume wangu, giza linaingia, tuko wawili tu. Hiyo saa ya njiani mmeiweka kwenye programu?

Animatere Mstaafu
Hapana, Mama. Hata huko ng'ambo sijui waliifanyaje, nitamtafuta mtu aliyekuwa darasani nimuulize. Kabla sijarudi na jibu, nani mwingine amepanda kilima hicho?