Mjadala: Padri au ustadhi akituhumiwa kunajisi mtoto, tuanzie polisi au kwa wakubwa wake?

Anayefungua mjadala, Shela, Malindi

Kila ikija habari ya mapadri waliodhulumu watoto, iwe ni ya Marekani, ya Ireland au ya Ufaransa, hapa Malindi maneno ni yale yale. Wakatoliki wengi hunyamaza, au husema Kanisa linapigwa vita. Wako wasemao hayo ni ya Wazungu. Na Waislamu wenzangu, baadhi yao, hufurahi: "Mwaona hao!"

Hilo la mwisho ndilo liniumizalo zaidi. Mtoto wa chuoni, yaani madrasa, akimsikia babake akicheka namna hiyo, ameshajua yatakayosemwa siku yeye atakapofungua mdomo kumtaja ustadhi wake. Ataona kwamba akisema, dini yake itachekwa vile vile na majirani. Basi atanyamaza. Kicheko chetu juu ya Wakatoliki kinawaziba midomo watoto wetu wenyewe, na sidhani kama tumewahi kulifikiria hilo.

Tukumbuke kilichowakasirisha watu huko. Wenye dhambi wamo kila mahali, na hakuna aliyeshangaa kwamba wamo. Boston, Marekani, mwaka 2002, gazeti la Boston Globe lilionyesha kwamba wakubwa wa jimbo la Kanisa walikuwa wakijua, na padri mwenye malalamiko akihamishwa parokia hadi parokia, na huko aendako waumini hawaambiwi kitu. Kardinali Bernard Law, askofu mkuu wa huko, alijiuzulu Desemba mwaka huo. Mwaka uliofuata jimbo lilikubali kuwalipa walalamishi 552 dola milioni 85. Yote yalianza kwa watu wazima kukaa chumbani na kuamua kwamba mambo yataishia humo.

Na sisi hapa tunaamua vivyo hivyo, padri awe ndani au asiwemo. Mtoto ananajisiwa, wazee wa pande mbili wanaitwa, pesa zinatajwa, familia inaambiwa isitiri jina la binti. Sheria yetu ya Kenya ya Makosa ya Ngono ya 2006 haijampa mzazi, mzee wa mtaa wala askofu uwezo wa kuifuta kesi hiyo. Kifungu cha 40 kimeuweka uamuzi wa kuiacha mikononi mwa wakuu wa mashtaka ya serikali. Aliyemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini, sheria imemwandikia kifungo cha maisha.

Msimamo wangu: polisi kwanza, siku ile ile, awe padri, ustadhi, pasta au mwalimu. Wakubwa wa dini waarifiwe baadaye. Nipingeni.

Mkatoliki, Barani

Nimesoma mara mbili kabla ya kujibu, maana nilitaka nijue kama unatutukana. Hututukani, ahsante.

Lakini usiseme tunanyamaza tu. Kule Ufaransa, tume iliyotoa ripoti Oktoba 2021 na kukadiria watoto 216,000 waliodhulumiwa na mapadri na watawa tangu 1950, waliotaka iundwe ni maaskofu wenyewe pamoja na wakuu wa mashirika ya watawa. Papa Francis alitoa sheria mwaka 2019 inayomlazimisha kila padri na mtawa kuripoti, na kila jimbo kuwa na njia ya kupokea malalamiko. Dini ngapi hapa Pwani zina sheria ya namna hiyo kwa maandishi?

Tena kuna siri ya kitubio, pale muumini anapomwungamia padri dhambi zake. Padri hawezi kuivunja hata akitishwa kifo. Ukisema "polisi kwanza" bila kueleza, unamgonganisha na sheria ya Kanisa lake.

Anayefungua mjadala

Ndugu yangu wa Barani, sheria hiyo ya 2019 ni nzuri, lakini tuisome yote. Inamtaka padri aripoti kwa wakubwa wa Kanisa. Kuhusu polisi inasema tu kwamba haiondoi wajibu uliowekwa na sheria za nchi. Kwa hiyo tumerudi pale pale: tukikaa kimya sisi raia, njia ya lazima inaishia kwa askofu.

Kitubio sikigusi, hakinihusu. Ila mama anayemwona mwanawe anatoka damu hakuyajua hayo kitubioni. Katekista, yule mwalimu wa dini, aliyeona mlango umefungwa hakuyajua kitubioni. Nawasemea hao.

Mama wa watoto watatu, Maweni

Mnaosema mambo ya Wazungu, mmesahau ripoti ya UNICEF na serikali yetu ya 2006? Ilikadiria wasichana kati ya 10,000 na 15,000 wa hapa Pwani waliingizwa kwenye biashara ya ngono, na sehemu kubwa ya wateja walikuwa Wakenya wenyewe. Siku zote sisi tunamtafuta mgeni wa kulaumu.

Polisi kwanza naikubali kwa moyo, lakini nitawaambia ilivyo kwetu. Nilimsindikiza jirani na bintiye kituoni. Tuliulizwa mbele ya watu waliokuja kwa kesi za kuku na simu. Tukaambiwa gari halina mafuta, tutoe pesa. Fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huijaza majeraha, ikawa njoo kesho. Parokiani tungepewa kiti na chai. Kwa hiyo mtu akikimbilia kwa sista badala ya askari, msimwite mjinga, anakwenda anakoheshimiwa.

Nilichojifunza: hospitali kwanza, kabla mtoto hajaoga, kwa sababu ya ushahidi na dawa za kuzuia ukimwi, ambazo zataka zianzwe ndani ya saa 72. Kisha polisi, na usiende peke yako. Na nambari 116 ya kusaidia watoto haitozi pesa.

Anayefungua mjadala

Dada wa Maweni, nakubali, hospitali itangulie. Na sista akitaka kusaidia kweli, asimpe huyo mama kiti cha kungojea askofu. Amshike mkono waende wote kituoni. Askari hamwambii sista aje kesho kirahisi hivyo.

Msomaji, Mpeketoni, Lamu

Mimi napinga. Padri akisingiziwa je? Huku kwetu ugomvi wa shamba tu unatosha mtu kuzushiwa. Akishaandikwa polisi, jina limekwisha, hata mahakama ikimwachilia. Wakubwa wake wachunguze kimya kimya kwanza, wakiona kuna kitu ndipo wamkabidhi. Na mnavyotaka serikali iingie makanisani, siku moja itaingia hata pasipostahili.

Anayefungua mjadala

Kusingiziwa kupo, na anayesingiziwa ana haki ya kusafishwa. Nauliza ni nani amsafishe. Askofu hana mamlaka ya kumpima mtoto hospitalini wala kumwapisha shahidi kwa sheria ya nchi. Akisema "nimechunguza, hana kosa," nani atamwamini, hata kama ni kweli? Mtuhumiwa aondolewe karibu na watoto wakati kesi inaendelea, na jina lake lisipigiwe tarumbeta mitandaoni. Hilo naliunga mkono kabisa.

Na hili la serikali kuingia makanisani: tangu Aprili 2023, msitu wa Shakahola, hapa hapa kwetu, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mchungaji mmoja, wakiwemo watoto wengi. Sikumsikia mtu akisema wachungaji waachiwe wachunguzane. Sote tulilia kwa nini serikali ilichelewa.

Nikupe mfano mwingine, wa mji mdogo usiojulikana kama yetu. Osorno, kusini mwa Chile, mwaka 2015 waliletewa askofu aliyetuhumiwa kufumbia macho maovu ya padri mmoja. Waumini walikwenda kanisani wamevaa nyeusi. Waliitwa wakorofi. Januari 2018 Papa mwenyewe alisema askofu huyo anasingiziwa. Hawakurudi nyuma, na hawakuhama dini. Miezi mitatu baadaye, baada ya uchunguzi, Papa aliandika kwamba amekosea sana, na Mei maaskofu wote wa Chile wakatoa barua za kujiuzulu. Yule wa Osorno alikubaliwa kuondoka Juni.

Mkatoliki, Barani

Hao wa Osorno sikuwajua. Hapo tumekutana. Lakini nina sharti: nikiuliza kule parokiani kwetu nani anapokea malalamiko na jina lake libandikwe ubaoni pamoja na nambari ya polisi, nawe ukaulize kamati ya msikiti wako jambo lilo hilo kuhusu chuo chenu. Usiniachie Kanisa peke yangu.

Anayefungua mjadala

Nimekubali. Kamati yetu hukutana baada ya Ijumaa. Nitauliza mbele ya wazazi, na majibu nitayaandika hapa, yawe mazuri au mabaya. Msomaji wa Mpeketoni, bado nakungoja unijibu hilo la nani amsafishe mtu.